Kadi ya Dada Geumrye

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilipofikia. Asiyejua nitamwambia kwa ufupi, maana leo nina jambo zito la kukiri na sitaki lianguke njiani.

Mimi ni Maeng Eunrye, bibi wa wajukuu wanne. Mke wa mwanangu alinitoa nyumbani kwake na sanduku langu moja. Nikahamia kwa dada yangu mkubwa, Geumrye, katika chumba chake cha nusu chini ya ardhi, nyuma ya stesheni ya Wangsimni. Dada miguu imemgomea. Ana mwaka na miezi miwili hajapanda treni. Kadi yake ya wazee, ile ya kupita getini bure, ilikuwa imelala tu kwenye droo ya jikoni chini ya vijiti vya kulia.

Nikaichukua. Sikumwomba.

Bwana Pyo pale Euljiro anaajiri wazee wa kubeba vifurushi kwa treni ya chini ya ardhi, lakini lazima uwe na kadi ile, maana nauli ya kila safari ingemaliza faida yote. Mimi sina, maana hutolewa karatasi zako zikifika miaka sitini na mitano. Baba yangu hakuniandikisha nilipozaliwa. Alingoja kwanza aone kama nitaishi. Kisha vita vikaja, akaniandikisha nikiwa tayari nafukuza kuku uani. Serikali inajua nina miaka sitini na mitatu. Mifupa yangu inajua ni sitini na mitano.

Kwa hiyo mimi nina wanyama watatu, wakati kila mtu Seoul ana mmoja tu, yule wa mwaka aliozaliwa, kati ya kumi na wawili wanaopokezana miaka. Nilizaliwa mwaka wa Ng'ombe. Karatasi zinasema Sungura. Na kadi iliyokuwa mfukoni mwangu ilisema Mbwa, mnyama wa dada.

Miezi mitano nilikuwa Geumrye mchana na Eunrye jioni. Stesheni wakinishika, kadi inafungiwa na kazi imekwisha. Dada akijua, chumba kimekwisha. Na dada yangu si mtu wa kusamehe. Kila kijiko cha wali nilichokula kwake alikisindikiza kwa macho mpaka mdomoni.

Sasa tuanze.

Asubuhi hiyo Bwana Pyo alikuwa na vifurushi viwili mezani. Kimoja kilikuwa chungu cha okidi, kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Kingine kilikuwa kisanduku cheupe, unakiweka kiganjani.

"Haya, mkubwa achague kwanza," akasema.

Ndiyo desturi ya pale. Mwenye umri mkubwa anachagua kwanza, anakaa kwanza, anachotewa supu kwanza. Wabebaji tulikuwa wawili siku hiyo: mimi, Geumrye wa bandia, miaka sitini na minane, na Mama Deoksu, jina lake Chu Okja, miaka sitini na sita.

Nikachukua kisanduku.

"Dada kachagua chepesi tena," Okja akasema. Neno "dada", kwetu la kumwita aliyekuzidi umri tu, alilitema kama mwiba wa samaki. "Haya, dada. Wewe mkubwa. Sisi wadogo tuvunjike viuno."

"Uzee ni kazi, mdogo wangu," nikamjibu.

Mungu anisamehe, nililifurahia jibu lile.

"Humo ndani mna meno," Bwana Pyo akaniambia. "Meno ya bandia ya mzee mmoja wa Jamsil. Leo anatimiza miaka themanini. Ukumbi umekodiwa, mpiga picha yupo, wageni sitini wanakuja. Ya zamani mjukuu kayakanyaga jana. Saa sita kamili mchana meno yawe mdomoni mwake. Umenielewa, Bibi Geumrye?"

"Nimekuelewa."

"Mzee asipotabasamu leo, mimi na wewe hatutatabasamu tena pamoja."

Nikabandika kibandiko changu juu ya kisanduku. Vibandiko vile vilikuwa na jina la mbebaji na simu yake. Siku ya kwanza kazini, kwa kuwa shule nimeishia darasa la tatu, nikanakili kila kitu kutoka kwenye bahasha ya dawa za dada. Jina lake. Hata simu yake ya mezani. Bwana Pyo akanichapishia vibandiko mia tano.

Kosa hilo liwekeni akilini.

Tulipanda treni moja, mimi na Okja, Laini ya Pili, ile inayozunguka jiji kama mkanda wa kiunoni. Alikuwa anaenda Gangnam na chungu chake. Behewa la nne, mlango wa kwanza, pale penye viti vya wazee: vitatu upande huu, vitatu upande ule. Nikaweka kisanduku kwenye rafu ya mizigo juu ya kichwa changu, nikakaa. Okja akakaa mbele yangu, chungu katikati ya magoti, maua yakimfika kidevuni.

Stesheni ya Sindang akaingia mzee mmoja na fimbo ya kupandia mlima, kofia nyekundu, pumzi za pombe ya mchele mapema yote ile. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Akatupitia usoni mmoja mmoja kama mnunuzi wa matikiti. Akasimama kwangu.

"Wewe mama. Inuka."

"Nimekaa, mzee wangu."

"Hivi ni viti vya wazee."

"Na mimi ni mzee."

"Mzee wa wapi? Mimi nina miaka sabini na minne! Mimi na wewe tukienda sokoni watu watadhani nimefuatana na binti yangu."

"Basi binti yako kachoka, baba. Mwache akae."

Behewa zima likacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Mzee wa Kikorea mtukane, mpige hata kikumbo, atasahau. Lakini usimfanye kichekesho cha watu.

Uso ukamwiva kama kofia yake.

"Mdomo huo! Toa kitambulisho! Kitoe hapa watu waone!"

"Sitoi."

"Hatoi kwa sababu hana! Hawa ndio wanaopaka nywele rangi nyeusi wakienda kwa wanaume, wakiingia kwenye treni wanakuwa bibi! Toa!"

Akagonga sakafu kwa fimbo yake. Tena. Watu wakaanza kuinua simu zao. Kitambulisho changu kilikuwa kifuani, ndani ya sidiria, na jina la Eunrye, na mwaka wa Sungura. Ningekitoaje mbele ya Okja?

"Mwache bwana," Okja akaingilia. Lakini macho yalikuwa yanamcheka. "Dada yangu huyu ni mkubwa kwangu. Mwambie mnyama wako, dada, yaishe."

"Haya, sema!" mzee akanguruma. "Mnyama wako nani?"

Nilitakiwa kusema Mbwa. Miezi mitano nimejifundisha: Mbwa, Mbwa, Mbwa, hata nikiosha mchele. Lakini mtu anapokutukana mbele za watu, kinachopanda kooni ni kile ulichokinyonya kwa mama yako.

"Ng'ombe!" nikafoka. "Mimi ni Ng'ombe, Ng'ombe halisi, nimezaliwa theluji imefika dirishani! Umeridhika?"

Mzee alikuwa bado anapiga hesabu kichwani. Okja alikuwa amekwishamaliza.

"Ng'ombe?" akauliza polepole.

Nikainamia viatu vyangu.

"Dada. Si uliniambia Mbwa?"

"Mama Deoksu, ulimi umeteleza..."

"Mtu ulimi unamteleza kwa mnyama wake?" Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya maua. "Mbwa. Nguruwe. Panya. Ng'ombe. Mimi ni Panya! Panya anatangulia, Ng'ombe anafuata nyuma! Wewe ni mdogo wangu!"

"Tutaongea kazini."

"Miezi mitano nakuinamia! Miezi mitano nakuchotea supu wewe kwanza, mimi nakunywa ya chini ya sufuria! Nimekubebea vyungu! Nimekuita dada, wewe kitoto!"

"Kitambulisho!" mzee akapiga kelele.

Milango ikafunguka. Wangsimni, stesheni ya nyumbani. Miguu yangu haikuniuliza. Nilitoka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Milango ikajifunga nyuma yangu. Treni ikaanza kujivuta. Kupitia kioo nikamwona Okja amesimama ananipungia mkono taratibu, kama unavyompungia mtoto. Nikadhani ni dharau tu.

Ndipo nikatazama mikono yangu.

Mitupu.

Meno ya watu yalikuwa yanaelekea Jamsil peke yake.

Mtu mwingine yeyote angekimbilia ofisi ya stesheni. Wangepiga simu, kisanduku kingeshushwa mbele huko, basi. Lakini swali lao la kwanza lingekuwa: jina, bibi? La pili: kadi, bibi? La tatu, kitambulisho, bibi. Nikaiona ofisi ile kama mdomo wa simba.

Nikakaa kwenye benchi nikafikiri. Laini ya Pili ni duara. Treni haina mahali pa kukimbilia. Imetoka hapa saa tatu na dakika ishirini na tano, itazunguka jiji zima, Jamsil, Gangnam, Sindorim, irudi hapahapa baada ya saa moja na nusu. Saa tano kasoro dakika tano. Kutoka hapa mpaka Jamsil ni robo saa tu. Saa sita ningeiwahi.

Na namba ya mlango ninayo. Imeandikwa sakafuni: 4-1. Sisi tusiosoma sana tunashika namba.

Hofu yangu ilikuwa moja. Baadhi ya treni hazikamilishi duara. Zikifika Seongsu zinaingizwa gereji kupumzika. Kama yangu ni ya hizo, mzee wa watu angekula keki yake ya themanini kwa ufizi.

Nikasubiri. Kusubiri ninakujua. Nimemsubiri mume miaka kumi na moja akiwa kazini mbali, nikamsubiri mwana akue, nikamsubiri mkamwana anizoee. Saa moja na nusu ni nini?

Ilikuwa ndefu kuliko yote hayo.

Saa nne simu ikalia. Bwana Pyo.

"Bibi Geumrye, uko wapi? Ukumbini hawajakuona."

"Niko Jamsil, bwana. Natafuta njia ya kutokea."

"Tokea mlango namba nane! Kila siku unapita hapo!"

"Watu wengi leo."

"Mzee kajifungia chumbani. Anasema hatoki mdomo mtupu. Binti yake kanipigia mara tatu, mara ya tatu alikuwa analia. Fanya haraka."

Nikakata. Treni zikaja, zikaenda. Kila moja nilisimama mlango 4-1 nikachungulia rafu, ili nisije nikapitwa kwa hesabu mbovu. Mwanamke wa usafi akapita na ufagio wake mara mbili, mara ya tatu akasimama.

"Bibi, treni unaiona lakini hupandi. Unaumwa?"

"Nasubiri yangu."

"Zote ni moja, bibi. Zinazunguka tu."

"Basi yangu itazunguka ifike."

Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akaenda zake.

Saa tano kasoro dakika sita taa za treni zikaonekana kwenye giza la handaki. Nikasali sala zote, ya Buddha ya mama yangu na ya kanisani kwa jirani. Behewa la kwanza likapita. La pili. La tatu. La nne. Milango ikafunguka.

Yule mzee hakuwepo. Ila kwenye kile kiti alichokipigania palikuwa na karanga zilizomwagika na kofia nyekundu iliyosahaulika. Ndiyo yenyewe! Treni yangu!

Nikaingia nikainua macho kwenye rafu.

Palikuwa na mwavuli uliovunjika. Basi.

"Jamani, hamjaona kisanduku cheupe hapa juu?" nikauliza.

Watu wakatazama simu zao.

"Cheupe! Kidogo hivi!"

"Mama, unaingia au unatoka?" kijana mmoja akaniuliza.

Nikatoka. Nikashika nguzo. Na hapo kipaza sauti kikakoroma juu ya kichwa changu:

"Bibi Maeng Geumrye. Bibi Maeng Geumrye, aliye jukwaani, behewa la nne mlango wa kwanza. Fika ofisi ya stesheni, upande wa mageti. Mzigo wako umepatikana."

Nilifurahi. Nawaambia ukweli, kwa pumzi kama tatu hivi nilifurahi. Nilikuwa nimeshafika nusu ya ngazi ndipo nikajiuliza: nani aliyewaambia nimesimama mlango wa kwanza?

Ofisi ile ina dirisha linalotazama mageti, na kaunta yake inafikiwa kutoka ndani na nje ya mageti. Juu ya kaunta kilikuwepo kisanduku changu cheupe. Ofisa alikuwa kijana wa miwani, anaitwa Gi, amekaa nyuma yake kama mwalimu wa zamu. Okja alikuwa ameegemea ukuta na chungu chake cha okidi, ametulia tuli.

"Ulishuka hapa kama panya mwenye moto mkiani," akaniambia. "Na Panya ni mimi! Nikashuka stesheni iliyofuata na mzigo wako, nikarudi, nikakuona jukwaani unaisubiri treni. Nikasoma kibandiko. Nikaona simu ya mezani. Nikajiuliza, hivi nikipiga atapokea nani?"

Nilijua atapokea nani.

"Nikapiga. Akapokea mtu. Nikamuuliza, hapo ni kwa Maeng Geumrye? Akasema ndiye mimi. Nikamuuliza, samahani dada, mnyama wako nani? Akasema Mbwa. Nikamuuliza, uko kazini? Akasema, kazi gani, mimi mwaka mzima sijavuka mlango." Okja akainua kidevu kuelekea getini. "Nikamwambia basi uvuke leo, uje stesheni ya Wangsimni."

Nikageuka.

Upande wa pili wa geti alisimama dada yangu.

Alikuwa na kandambili za jikoni na koti la pamba juu ya nguo za kulalia. Fimbo mbili, moja kila mkono. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu na ilikuwa mwezi wa pili, maji ya mfereji yameganda. Kutoka chumbani mpaka pale mtu mzima hutembea dakika saba. Nilijua kwamba yeye alianza njia wakati mimi ndiyo kwanza nakaa kwenye benchi.

"Geumrye," akaniita. Kwa jina lake mwenyewe. "Hujambo, Geumrye?"

"Dada..."

"Nilikuuliza mwezi wa kumi, kadi yangu iko wapi. Ulisema nini?"

Nikatazama kandambili zake.

"Ulisema droo imeimeza. Ukalala chini ukatafuta na tochi! Ukatoka na vumbi kwenye nywele, mimi nikakuonea huruma nikakupangusa!"

"Sikutaka kula kwako bure, dada. Ulikuwa unanihesabia vijiko."

"Nilikuwa nakuangalia kama unakula! Umekonda kama ufagio, mjinga wewe! Nani anahesabu wali?"

Ofisa Gi akagonga kaunta na kalamu.

"Akina bibi. Nina Geumrye mmoja kwenye kibandiko na wawili mbele yangu. Mzigo nautoa kwa mwenyewe, kwa saini. Na kama kuna mtu anatumia kadi isiyo yake, ninaifungia leo hii. Vitambulisho."

Dada akapapasa koti. Kushoto. Kulia. Alikuwa ametoka na fimbo na hasira tu.

"Nimekiacha nyumbani," akasema.

"Na wewe bibi?"

Changu kilikuwa pale kifuani kinaniunguza. "Na mimi."

"Kadi ya wazee basi. Nani anayo?"

Nikaitoa mfukoni, nikaiweka kaunta. Akaigusisha kwenye mashine yake.

"Maeng Geumrye. Mwaka wa Mbwa." Akatutazama. "Nani Mbwa?"

"Mimi," dada akasema.

"Huyo wa huku ni Ng'ombe!" Okja akadakia. "Kasema mwenyewe, treni nzima ina ushahidi!"

"Mama, wewe umeshaandika maelezo yako. Kaa kando." Akanigeukia. "Nitauliza mara moja tu, bibi. Nani kati yenu ni Maeng Geumrye?"

Simu yangu ikaanza kulia. Bwana Pyo. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi na mbili. Kisanduku kilikuwa umbali wa mkono. Chini yetu treni ya Jamsil ilikuwa inakuja dakika nne zijazo, ubao uliandika hivyo.

Dada akashusha sauti. Sauti ile sikuwahi kuisikia tangu tukiwa watoto tunalala blanketi moja.

"Sema, Eunrye. Mwambie wewe ni nani. Waifungie hiyo kadi, mimi siendi popote. Sema tu, turudi nyumbani, nimeacha supu jikoni."

Hili ndilo ninalokiri. Wiki zote nilizowaeleza jinsi mkamwana alivyonitoa, jinsi watu walivyonionea, nilikuwa napunguza makali ya hili.

Nikamtazama ofisa usoni.

"Mimi ndiye Geumrye," nikasema. "Huyu ni mdogo wangu. Amechanganyikiwa, mwanangu. Umri. Siku hizi anadhani yeye ni mimi."

Nikasikia chungu cha Okja kikigusa sakafu.

"Ee mama yangu," akanong'ona. "Hata mimi nisingefanya hivyo."

Dada hakupiga kelele. Nilimngoja apige kelele. Alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma namba ya nyumba asiyoijua. Kisha akasogea hatua moja mpaka kwenye dirisha, akainua fimbo ya kulia, akailaza juu ya kaunta. Akashika ukingo wa dirisha. Akainua ya kushoto, akailaza kando ya mwenzake.

"Umesahau fimbo zako, dada," akaniambia.

Dada. Miaka sitini na mitano sikuwahi kuitwa hivyo na mdomo ule.

"Shika. Geumrye hatembei bila hizi. Mimi Eunrye, mimi ndiye mwenye miguu."

Akaachia dirisha. Akageuka. Akaweka kiganja ukutani, akavuta mguu mmoja. Akavuta wa pili. Watu walikuwa wanampisha huku na huku. Ukuta ule unaishia penye ngazi za kutokea nje, na ngazi zile zina vidato arobaini na viwili. Nimevipanda kila jioni nikirudi kula wali wake.

"Bibi Geumrye," ofisa akasema, akinisogezea daftari. "Saini hapa. Jina kamili."

Simu ilikuwa bado inalia. Treni ilikuwa inaingia, nilihisi upepo wake miguuni. Nikaishika kalamu.

Mimi naandika polepole. Nilikuwa nimemaliza Maeng, jina la baba, ambalo ni langu na ni lake, na ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi kwa herufi inayofuata, niliposikia watu kwenye ngazi wakipiga ukelele.